Nyumba na Ukoo: Mlima Meru na Chimbuko la Ikolojia

Neno ikolojia, ambalo katika hotuba na vichwa vya habari nchini Tanzania limezoeleka kusimama mahali pa usafi wa mazingira au kampeni ya kupanda miti, lilizaliwa likiwa na maana nyingine. Mwaka 1866 Ernst Haeckel, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika mji wa Jena nchini Ujerumani, alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu maumbo ya viumbe, na humo akaliunda neno hilo kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba, akikusudia elimu inayochunguza uhusiano wa kiumbe na vyote vinavyokizunguka, vyenye uhai na visivyo na uhai. Katika kitabu hichohicho aliunda neno jingine, filojenia, yaani historia ya ukoo wa viumbe: nani ametokana na nani, na tawi gani limechipuka kutoka tawi lipi. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, ingawa baadaye yalilelewa mbalimbali hata watu wakasahau udugu wao. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuustaajabia udugu huo, kwa kuwa katika lugha yake nyumba ni jengo la kulala watu na papo hapo ni tawi la ukoo, kama wanavyotajwa watoto wa nyumba ya mke mkubwa na watoto wa nyumba ya mke mdogo.

Mlima Meru, unaoinuka nyuma ya jiji la Arusha kutoka mita zipatazo 1,400 katika eneo la Mnara wa Saa hadi mita 4,566 kileleni, ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini maana hizo mbili hazitenganiki. Anayeutazama mlima kama nyumba tu, akahesabu wakazi wake na kupima mvua yao, hataweza kueleza kwa nini baadhi ya wakazi wapo na wengine hawapo. Na anayeutazama kama ukoo tu, akafuatilia nasaba za mimea na wanyama wake, hataweza kueleza kwa nini jamaa wasio na damu moja wamefanana sura.

Fikra ya kwamba viumbe wanakaa pamoja kwa utaratibu ilikuwapo kabla ya Haeckel. Mwaka 1749, katika tasnifu iliyotoka chini ya jina la Carl Linnaeus wa Sweden, maumbile yalielezwa kama uchumi wa nyumba moja kubwa ambamo kila kiumbe kimepangiwa kazi na riziki yake na Muumba, wala hapana kinachobadilika. Mwaka 1802 Alexander von Humboldt, Mjerumani, alipanda mlima Chimborazo katika nchi ambayo leo ni Ekwado, na baadaye akachora mchoro maarufu unaoonyesha jinsi mimea inavyojipanga kwa mikanda, mkanda mmoja juu ya mwingine, kadiri baridi inavyoongezeka. Katika nyumba ya Linnaeus na ya Humboldt, hata hivyo, wapangaji walijulikana na vyumba vyao vilijulikana, lakini hapakuwa na habari ya nani alihamia lini, wala ya mpangaji aliyebadilika sura kwa sababu ya chumba alichopewa.

Habari hiyo aliileta Charles Darwin mwaka 1859, alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi, spishi ikiwa ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao. Hoja yake kuu, uteuzi asilia, ina maana kwamba katika kila kizazi huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, hao hutofautiana, na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha watoto wengi zaidi, ambao hurithi tofauti hizo. Hoja hiyo haisimami bila ikolojia, kwa sababu kufaa ni kufaa mahali fulani, mbele ya majirani fulani. Darwin mwenyewe alitoa mfano wa vijiji vya Uingereza, ambako mmea wa malisho uitwao klova nyekundu huchavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya, ambao viota vyao huharibiwa na panya wa mashambani, ambao nao huliwa na paka. Hivyo wingi wa paka kijijini unaweza kuamua wingi wa maua shambani. Mfano huo ni ikolojia tupu, miaka saba kabla neno lenyewe halijaundwa.

Haeckel, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa Darwin miongoni mwa Wajerumani, alilipa wazo jina, lakini yeye mwenyewe hakuifanya kazi hiyo. Maisha yake yalikwenda zaidi katika kuchora viumbe wadogo wa baharini na kuchora miti ya nasaba, na baadhi ya maandishi yake yamebeba ubaguzi wa rangi usioweza kufichwa. Wataalamu wa mimea ndio waliolifanyia neno hilo kazi, akiwamo Eugenius Warming wa Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu jamii za mimea kilisomwa kote Ulaya na Marekani.

Afrika iliingia katika mjadala mapema kuliko inavyodhaniwa. Joseph Hooker, rafiki wa Darwin na mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew jijini London, alichunguza katika miaka ya 1860 mimea iliyokusanywa kwenye Mlima Kameruni na kwenye kisiwa ambacho sasa kinaitwa Bioko, akakuta kwamba jamaa zake wa karibu wako katika milima ya Ethiopia na hata Ulaya, mbali na nchi za joto zilizouzunguka mlima huo. Darwin aliuingiza ugunduzi huo katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake, akiutumia kudai kwamba zamani dunia ilipokuwa na baridi mimea hiyo ilisambaa nyanda za chini, na joto liliporudi ikapanda vilele na kubaki huko kama watu waliokimbilia mlimani wakati wa mafuriko. Swali lililobaki, yaani milima ya Afrika ilipataje wakazi wake, ndilo lililowafikisha watafiti Meru.

Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kisayansi wa mwaka 1905 hadi 1906 uliozunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai, ukarudi Stockholm na makumi ya maelfu ya wanyama, wengi wao wadudu. Kazi hiyo ilikuwa ya kuorodhesha tu, na orodha hailazimiki kueleza. Aliyejaribu kueleza alikuwa mtu asiye na shahada ya sayansi.

Reginald Moreau alikuwa karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi la Uingereza jijini Cairo, ambako alijifunza ndege kwa kuwapenda, kisha mwaka 1928 akahamia Amani katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikuwa wamekianzisha mwaka 1902. Huko alikaa hadi mwaka 1946, akifanya kazi za ofisi kwa ajira na za ndege kwa hiari, pamoja na mkewe Winifred na wasaidizi wenyeji, ambao kati yao Salimu Asmani alisifika kwa ustadi wa kuwatafuta na kuwatambua ndege wa msituni. Moreau alizunguka milima ya kaskazini pia, na katikati ya miaka ya 1930 alichapisha mchango wake kuhusu ndege wa Kilimanjaro na Meru.

Kilichomsumbua ni hiki: ndege wa msitu wa baridi, wasiothubutu kuvuka uwanda wa jua, wanapatikana kwenye Meru, Kilimanjaro, Pare na Usambara, milima iliyotenganishwa na nyika kavu ambayo ndege hao hawaivuki. Kilele cha Meru na kile cha Kilimanjaro vimeachana kwa takriban kilomita 70, na katikati hapana kivuli cha kutosha. Mwaka 1933 Moreau alipendekeza kwamba mabadiliko ya hali ya hewa katika enzi za barafu ndiyo yaliyoishusha misitu hiyo chini, ikakaribiana au kugusana, na baadaye ikapanda tena na kuwafungia ndege kila kundi kwenye mlima wake. Sehemu moja ya hoja yake ilikuja kurekebishwa, kwa kuwa alidhani nyakati za baridi zilikuwa za mvua nyingi, ilhali chavua, yaani ungaunga wa maua, iliyohifadhiwa kwenye matope ya maziwa ya Afrika Mashariki ilionyesha baadaye kwamba nyakati za baridi kali zilikuwa kavu pia. Kiini cha hoja, hata hivyo, kilibaki: mkanda wa mimea hupanda na kushuka, na kila unapopanda hukata ukoo vipande.

Mchango wake wa pili ulitokana na subira zaidi kuliko safari. Waangalizi wenyeji walioketi karibu na viota wakiwa na saa na daftari waliandika ni mara ngapi mzazi analeta chakula na kwa muda gani anaatamia, huku Moreau akikusanya idadi ya mayai katika viota vya Afrika na kuilinganisha na ya nchi za baridi, ambako ndege wa jamaa moja hutaga mayai mengi zaidi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1944, na yakamsaidia David Lack wa Oxford kujenga nadharia yake kwamba idadi ya mayai imeteuliwa, vizazi na vizazi, kulingana na idadi ya makinda ambayo wazazi wanaweza kuwalisha. Tawi la sayansi linaloitwa ikolojia ya mageuko, mageuko yakiwa ndiyo badiliko la viumbe kizazi baada ya kizazi, lina deni kwa wale walioketi chini ya miti ya Amani wakihesabu, ingawa majina ya wengi wao hayamo vitabuni.

Tofauti kati ya Amani na Meru ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba nyumba peke yake haitoshi. Msitu wa Usambara na ule wa mteremko wa kusini mwa Meru hupata mvua ya kutosha na ukungu, na mgeni anayetembea chini ya kivuli chake anaweza kudhani yuko mahali pamoja. Usambara, hata hivyo, imejaa mimea, vyura, vinyonga na ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani, wakati Meru haina hata spishi moja ya ndege iliyo yake peke yake. Sababu haimo katika mvua wala udongo. Milima ya Usambara ni miamba ya kale mno, na msitu wake umedumu kwa mamilioni ya miaka kwa sababu ya unyevu wa Bahari ya Hindi; Meru ni volkano changa, ambayo ubavu wake wa mashariki uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, ukatawanya mawe na matope mpaka uwanda wa Sanya na kuacha mashimo ambamo maziwa ya Momella yametuama. Mtaalamu wa ikolojia G. Evelyn Hutchinson aliwahi kutoa kitabu mwaka 1965 akiifananisha ikolojia na jukwaa na mageuko na mchezo unaochezwa juu yake. Meru inahitaji mfano huo uongezewe kidogo, maana hapa jukwaa lenyewe liliwahi kuvunjika katikati ya onyesho.

Kinyonga anaithibitisha hoja hiyo kwa ufupi. Jenasi ya vinyonga wa misitu ya milimani, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye asili moja ya karibu, ilipewa mwaka 2006 jina la Kinyongia, na ni nadra Kiswahili kupewa nafasi kama hiyo mahali ambapo Kilatini na Kigiriki vimetawala. Mmoja wao, Kinyongia tavetana, ambaye dume lake lina pembe mbili bapa zilizotokeza mbele ya pua kama makali ya visu viwili, anaishi Meru, Kilimanjaro na milima ya Pare, spishi moja kwenye milima yote hiyo. Lakini Usambara peke yake ina spishi kadhaa za jenasi hiyo, nyingine upande wa mashariki na nyingine upande wa magharibi. Mahali palipokaa muda mrefu ukoo umegawanyika. Mahali papya ndugu bado hawajaachana.

Kinengenenge ana kisa chenye utata zaidi. Huyu ni kindege cha kijani na manjano, chepesi kuliko barua ndani ya bahasha, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba amevaa miwani, na yule wa Meru na Kilimanjaro ana duara pana sana. Moreau alimshughulikia sana, na kwa miaka mingi vinengenenge wa milima mbalimbali ya Afrika Mashariki walihesabiwa kuwa spishi moja iliyokatwa vipande na joto. Uchunguzi wa vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, umeonyesha picha nyingine: baadhi ya vinengenenge wa mlimani wana udugu wa karibu zaidi na wale wa nyanda za chini kuliko na wenzao wa mlima mwingine, maana yake ni kwamba maisha ya mlimani yameanza zaidi ya mara moja. Hapa msomaji wa nasaba alimsahihisha msomaji wa makazi.

Juu ya msitu kazi inageuka, na makazi ndiyo yanayomsahihisha msomaji wa nasaba. Msweden Olov Hedberg, aliyeipanda milima mirefu ya Afrika Mashariki mwaka 1948 na kuigawa mwaka 1951 katika mikanda mitatu, wa msitu wa milimani, wa vichaka vya jamii ya Erica, na wa nyasi na mimea ya juu kabisa, alieleza kwamba mmea wa huko hupata kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Katika hali hiyo hukua senesio kubwa, mmea wa jamii moja na alizeti, wenye shina nene lililovikwa majani yake yaliyokufa ambayo hayaanguki bali huning'inia kama blanketi, na kwenye ncha ya shina pana shada la majani makubwa ambayo jioni hujikunja ndani na kukifunika kichipukizi kama viganja vinavyokinga mshumaa upepo. Senesio ya Meru, Dendrosenecio meruensis, haipatikani mlima mwingine wowote. Jirani yake ni lobelia kubwa, ya jamii tofauti kabisa, lakini nayo imejenga shina moja na shada la majani yanayojifunga usiku. Na katika milima ya Andes, ng'ambo ya bahari, mimea ya jenasi Espeletia imevaa nguo ileile ya majani makavu. Hawa hawakurithishana sura, bali kila mmoja aliipata kwake, kwa sababu baridi ya usiku ina mlango mmoja tu na anayetaka kuishi lazima apite hapo.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1995 na Eric Knox na Jeffrey Palmer ulipendekeza kwamba senesio kubwa zilianzia Kilimanjaro takriban miaka milioni moja iliyopita, kisha mbegu zao nyepesi zikafika Meru, Aberdare, Mlima Kenya, Elgon na hatimaye Rwenzori na Virunga. Watafiti waliofuata, wakiwa na vinasaba vingi zaidi, wamerekebisha umri na njia hizo, na ugomvi wao haujaisha. Lakini hakuna anayekana kwamba karibu kila mlima umezaa senesio yake.

Elimu hii haijapata nafasi inayostahili katika jiji ambalo lina makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa na ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na ambako Septemba 1961 Mwalimu Julius Nyerere aliutangazia mkutano wa kimataifa msimamo wa taifa lililokuwa likizaliwa kuhusu wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, ililinda makazi kwanza, nayo ilifanya vyema. Kasoro iko kwenye lugha ya hadhara, ambamo kijani chochote kimekuwa ikolojia. Mikaratusi na migrevilea ya Australia, misonobari ya mashamba ya serikali yaliyo kwenye miteremko, na mijakaranda ya Amerika Kusini inayozipamba barabara za Arusha, yote ni miti yenye faida zake, lakini ni wageni wasio na ukoo hapa. Mbega, ambaye hana kidole gumba na ambaye tumbo lake lenye vyumba limeumbika kwa vizazi vingi kuchachusha majani magumu ya msitu huu, atapata chakula kidogo zaidi katika safu za misonobari kuliko katika ekari chache za msitu wa asili, hata kama picha ya setilaiti itaonyesha rangi moja.

Maji nayo yanafuata nasaba ya mlima. Miamba ya volkano hii ina floridi nyingi, ambayo huyeyuka katika chemchemi na mito na ndiyo inayoyatia rangi ya kahawia meno ya watoto wengi waliokulia upande wa mashariki, kutoka Maji ya Chai kwenda Ngarenanyuki. Na maziwa ya Momella, yaliyo jirani kabisa lakini yenye kemia tofauti, hutofautiana rangi kwa sababu kila moja linaotesha vijimea vyake, ambavyo heroe, wanaojulikana zaidi kwa jina la flamingo, huja kuvichuja kwa midomo iliyopinda, vichwa vikiwa vimeinamishwa chini.

Ndani ya kreta ya Meru, chini ya ukuta ulioachwa na poromoko, imesimama koni ya majivu, ambayo mlipuko wake mdogo wa mwaka 1910 ulikuwa wa mwisho kurekodiwa mlimani. Kutoka ukingoni, kwenye njia ya kutoka kibanda cha Saddle kilichoko mita 3,570, koni hiyo inaonekana nyeusi na tupu kwa sehemu kubwa, na mimea michache imeshikilia mahali ambapo majivu yametulia. Mbegu zinazofika hapo hupeperushwa kutoka kwenye kuta za kreta na kwenye mikanda ya chini. Nyingi hufa usiku wa kwanza, na chache zinazobaki si lazima ziwe zile zilizofika kwa wingi.